Kizingo na Nyali

Juma lililopita binti yangu aliniomba nifuatane naye kutazama nyumba mbili za kupanga. Ya kwanza ilikuwa Kizingo, kisiwani, penye mibuyu mikongwe na upepo wa bahari. Jirani alitoka mwenyewe akatukaribisha kahawa. Ya pili ilikuwa Nyali, ng'ambo ya daraja lililofunguliwa mwaka 1980 kuchukua mahali pa lile la kuelea: bustani pana, kuta ndefu, mlinzi langoni. Nikamuuliza mlinzi jina la jirani, hakulijua. Binti yangu aliipenda ya Nyali, wanawe wapate pa kuchezea. Sikumpinga, kwani hoja yake ni ya haki. Nilimwambia tu: "Mwanangu, kabla hujalipa kodi, bisha hodi mlango wa pili."