Kahawa Melini, Kuku Mengo

Mjukuu wangu amerudi kutoka Dubai na picha za chakula nyingi kuliko picha za watu. Alinionyesha sahani pana kama ungo, katikati kipande kidogo cha samaki, pembeni matone ya mchuzi wa kijani. Akasema bila ubaya wowote, "Babu, enzi zenu huku Muleba mlikuwa hamjui mambo ya kwenda kula hoteli za nje." Shangazi zake wakacheka, nami nikanyamaza kwa sababu jibu lake ni refu. Ninaliandika hapa ili alisome yeye na wenzake wanaodhani nje ya nchi inaanzia uwanja wa ndege.

Kwa mtu wa Bukoba wa wakati ule, nje ya nchi ilianzia gatini. Ukishakanyaga ngazi za meli ya Victoria ulikuwa umekwishaondoka, hata kama bado unauona mji. Meli hiyo iliundwa na kampuni ya Yarrow ya Uskoti, ikaletwa Kisumu vipandevipande, ikaunganishwa pale na kuanza kazi mwaka 1961. Ilizunguka ziwa lote na kuunganisha bandari za nchi tatu. Safari yangu na marehemu baba ilikuwa 1968 au 1969. Dada yangu anashikilia 1968 kwa kuwa ndio mwaka aliozaliwa kitinda mimba wetu. Mimi nakumbuka nilikuwa nimeshaanza darasa la sita. Tuyaache hayo. Serikali za nchi tatu zilikuwa bado zinaongea, na barua ya baba ya safari ilikuwa na mhuri wa ushirika wa kahawa.

Baba alikuwa karani wa kupima kahawa Kamachumu. Miaka yote ya utoto wangu nguo zake zilinuka magunia. Ushirika ulimtuma Kampala kwa shughuli ambayo sikuielewa na sasa hakuna wa kumuuliza, na kwa kuwa ulimkatia tiketi ya daraja la juu, akaongeza fedha zake ili mwanawe aone dunia. Tulishuka kwa basi kupitia Muhutwe, mama akiwa ametufungia ndizi na maharage kwenye majani kwa ajili ya njiani. Tulipofika ndani ya meli baba aliuweka mzigo ule chini ya kitanda. "Hiki tutakula kesho," alisema. "Leo tunakula mezani."

Harufu ya ukumbi wa chakula wa Victoria ninaweza kuitenga hadi leo katika harufu nyingine zote. Kwanza mafuta ya injini, kwa mbali sana, yakipanda na joto kutoka chini. Juu yake nta ya kusugulia mbao. Halafu mkate unaookwa, na siagi. Meza zilitandikwa vitambaa vyeupe vilivyopigwa wanga mpaka vikasimama kwenye pembe. Vijiko na uma vilichongwa herufi za Reli na Bandari za Afrika Mashariki, EAR&H, na vilikuwa vizito; nilipokiinua kijiko cha kwanza nilidhani kimeshikizwa na meza.

Aliyetuhudumia alikuwa mzee wa Kisumu mwenye kanzu nyeupe, mshipi mwekundu na tarabushi. Sikupata kulijua jina lake. Alikuwa na mazoea ambayo sijayaona tena kwa mhudumu yeyote: kabla ya kuweka sahani mbele yako, alipitisha kitambaa kwenye ukingo wake mara moja, polepole, hata kama ukingo ulikuwa safi. Meli ilipoyumba, yeye alihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, na supu haikumwagika. Aliona jinsi nilivyokuwa nikiziangalia uma tatu zilizopangwa kushoto kwangu. Hakuniaibisha. Aliinama kana kwamba anaokota kitu, akaninong'oneza: "Kijana, anzia nje, uje ndani."

Tulikula supu, kisha sato aliyekaangwa na siagi, mzima na kichwa chake. Sangara hakuwa amelitawala ziwa, na sato wa siku zile alikuwa na nyama tamu inayoachana na mfupa kwa kuguswa tu. Ikafuata nyama ya kuokwa, na baadaye kitu cha maziwa na mayai kilichotetemeka pamoja na meli. Baba alikula kimya, mgongo umenyooka. Nilimwona kwa mara ya kwanza kama mtu ambaye wengine wanamhudumia.

Mwishoni mzee wa Kisumu akamuuliza anafanya kazi gani. Baba akasema, "Kahawa." Basi ikaja kahawa, vikombe viwili, kimoja changu. Nyumbani kwetu kahawa ilitafunwa. Mgeni akiingia anapewa punje zilizochemshwa na maganda yake zikakaushwa, mbili tatu kwenye kiganja, ndipo mazungumzo yaanze. Nilikuwa nimeipalilia, nimeichuma, nimeianika, nimelala juu ya magunia yake, na sikuwahi kuinywa. Baba naye, nadhani, alikuwa ameinywa mara chache mno. Alikinusa kikombe muda mrefu kabla ya kukitia mdomoni, na uso wake ukalainika. Mzee yule alisimama pembeni akisubiri, mikono nyuma, kama mtu anayekabidhi kitu kwa mwenyewe.

Nimekunywa kahawa baadaye Nairobi, katika mkahawa wa Thorn Tree, na Muscat kwa jamaa waliotoka Unguja, iliyotiwa hiliki. Zote nzuri. Ile ya melini ndiyo ninayopimia.

Asubuhi tukashuka Port Bell. Kampala ilikuwa na hoteli mpya, Apolo, ndefu juu ya kilima, na nilitarajia tutapelekwa huko. Mwenyeji wa baba, mtu wa Bugabo aliyeoa Kampala, alitupeleka Mengo, katika mgahawa wa mama mmoja Mganda, wenye mikeka na viti vichache. Nilivunjika moyo kwa dakika kama kumi.

Kwanza tuliletewa maji. Msichana alipiga magoti na kutumiminia mikononi, jambo ambalo kwetu pia lilikuwa la kawaida, lakini nyumbani tu, si mahali pa kulipia. Kisha likaja luwombo. Jani changa la mgomba huchaguliwa lisilo na mpasuko, likapitishwa juu ya moto hadi liwe laini, uti wake ukachongwa ili likunjike bila kuvunjika. Ndani hutiwa kuku, uyoga, mchuzi wa karanga. Likafungwa kwa kamba ya mgomba na kupikwa kwa mvuke saa nyingi. Waganda husimulia kwamba lilianzia jikoni kwa Kabaka Mwanga, karne ya 19 ikielekea ukingoni, kwa mkono wa mpishi aitwaye Kawunta. Kila mlaji anapewa furushi lake. Mama mwenyewe alikuja kufungua langu. Mvuke ulipanda na harufu ya jani lililoungua kidogo, ile ile ya jikoni kwa mama yangu, na kuku akatoka mzima, hajaguswa na mtu yeyote kabla yangu.

Meza ya pili walikaa Wazungu wawili na Mhindi mmoja wenye tai. Walikuwa wanakula luwombo na ndizi hivyo hivyo, kwa mikono, na walilipa fedha nyingi. Ndizi! Kitu ambacho kwetu mgeni wa mjini akija mama anaomba radhi kwa kukosa wali.

Yaliyofuata kati ya nchi zetu kila msomaji anayajua. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, meli ziligawanywa, Victoria ikabaki Tanzania, na njia ya kwenda Port Bell na meza yake ikakatika. Miaka ya uhaba abiria wa Mwanza walipanda na vikapu vyao, na hakuna aliyeuliza habari ya vitambaa. Mwaka 1996, ilipozama MV Bukoba, sina la kuuongezea. Victoria imefanyiwa matengenezo makubwa na tangu 2020 inakuja tena Kemondo na Bukoba, nami nilikwenda kuipokea nikiwa na fimbo. Kampala siku hizi ni basi kupitia Mutukula; ukifika Lukaya wauzaji wanakupandishia mishikaki na gonja, yaani ndizi za kuchoma, dirishani, unakula huku basi linaondoka. Ni tamu, sikatai, ila hakuna anayekutazama usoni.

Luwombo bado lipo Kampala, katika hoteli kubwa na katika vibanda, na bado linafunguliwa mbele ya mlaji. Kwetu migomba ilipata mnyauko ulioingia Muleba mwaka 2006, lakini majani hayajaisha. Hoteli za Bukoba zimeongezeka, nyingine zinatazama ziwa, na orodha zao za chakula ni zile zile: chipsi kuku, wali samaki, makaroni. Kahawa ni maji ya moto na kopo la unga, ndani ya mkoa ambao umeishi kwa kahawa. Hili linaniudhi kuliko nyufa zote za barabara.

Mwaka jana nilimwambia meneja wa hoteli mojawapo aweke ndizi za kufunga kwenye jani na kuku, aziweke juu kabisa ya orodha, na bei yake. Alinisikiliza kwa adabu. "Mzee wangu, wageni kutoka Dar hawaulizi ndizi," alisema. Nikamwuliza watauliza vipi kitu ambacho hakikuandikwa. Nimepita pale mara kadhaa tangu siku hiyo. Ndizi zinapikwa kila mchana, kwenye majani, uani, kwa ajili ya wafanyakazi.