Mbio si za mabingwa pekee: Nilivyokimbia kutoka mjini hadi Kawangware

UKISAFIRI nje ya nchi na useme kwamba wewe ni Mkenya, aghalabu swali litakalofuata ni hili: "Na wewe pia hukimbia?" Si ajabu. Dunia imetujua kwa miguu yetu. Kipchoge Keino alishinda mbio za mita 1,500 kule Mexico mwaka 1968. Mwaka 1994 Tegla Loroupe alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda marathoni ya New York. Catherine Ndereba akaishinda ile ya Boston mara nne. Nayo tarehe 12 Oktoba 2019, jijini Vienna, Eliud Kipchoge alimaliza kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, lakini ni nani aliyejali siku hiyo?

Hata hivyo, hebu tuambiane ukweli sisi kwa sisi. Wengi wetu tunaoishi Nairobi, mbio tunazozijua ni zile za kuwania matatu mvua inapoanza kunyesha. Asubuhi tunaketi garini, mchana tunaketi ofisini, jioni tunaketi tena katika msongamano wa magari, na tukifika nyumbani tunaketi mbele ya televisheni. Hivyo ndivyo nilivyoishi mimi, mama wa watoto watatu na karani katika ofisi moja mjini, mpaka nilipofikisha umri wa miaka 46.

Jambo lililoniinua kitini ni kipimo cha presha. Nilikuwa nimemsindikiza baba yangu kliniki. Baba ana umri wa miaka 78 na anaishi nasi Kawangware. Miaka mitatu iliyopita alipatwa na kiharusi, na tangu hapo mkono na mguu wake wa kulia haumtii. Siku hiyo muuguzi alipomaliza kumpima yeye, alinigeukia na kuniambia, "Mama, hebu nipe mkono wako nawe." Kipimo kilisoma 152 kwa 96. Akapima tena baada ya kunipumzisha. Hakikushuka. Aliniambia kwamba mtu akizidi 140 kwa 90 mara kwa mara, huyo ana presha, na kwamba ugonjwa huu hupenda kutembea katika jamii moja. Hakuhitaji kunieleza zaidi. Mfano ulikuwa umeketi kando yangu, mate yakimtoka upande mmoja wa mdomo.

Daktari aliniandikia dawa, akanipunguzia chumvi, na akaniamuru nifanye mazoezi. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 za mazoezi mazito. Ukigawanya hizo 150 kwa siku tano, ni nusu saa tu kwa siku. Nilimwuliza daktari kama mtu wa rika langu anaweza kukimbia. Alinipima moyo kwanza, kisha akasema, "Unaweza, mradi uanze kama mtoto anayejifunza kutembea."

Nami ndivyo nilivyoanza. Kuna mpango mmoja uliotungwa mwaka 1996 na Mmarekani kwa jina Josh Clark, ambaye alikuwa akimtafutia mama yake njia nyepesi ya kuanza kukimbia. Ni wa wiki tisa, siku tatu kila wiki. Wiki ya kwanza unatembea dakika tano kwa haraka, kisha unakimbia polepole kwa sekunde 60 na kutembea sekunde 90, ukirudia hivyo mpaka dakika 20 ziishe. Kila wiki muda wa kukimbia huongezwa kidogo, hata mwishowe mtu akimbie nusu saa bila kusimama.

Usicheke, msomaji wangu. Sekunde 60 ni nyingi! Mara ya kwanza nilianzia karibu na makutano ya Gitanga na James Gichuru, alfajiri, mimi na jirani yangu mmoja tuliyekubaliana kuandamana kwa usalama. Kabla sekunde arobaini hazijaisha nilihisi kama kwamba kuna mtu amenikalia kifuani. Ikumbukwe kwamba Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ile ya Mombasa, na anayeanza huhisi tofauti hiyo upesi.

Na maneno je? Watu wana maneno! Mwanangu wa kwanza, kijana wa miaka 17, aliniomba nisipite karibu na stendi ambako marafiki zake hukaa. Akina mama wenzangu wa chama waliniuliza kama mume wangu ameanza kuangalia pembeni. Askari wa malango ya Lavington ndio waliokuwa na heshima. Kila tulipopita walituamkia, na mmoja akazoea kutuhesabia: "Leo mmepita mara nne, mama!" Mume wangu naye hakusema mengi, ila alianza kuamka mapema kuwatayarishia watoto chai, na hilo lilinitosha.

Mpango wa wiki tisa ulinichukua wiki kumi na sita. Wiki iliyonishinda niliirudia. Nilinunua viatu vya mitumba katika soko la Toi kwa shilingi 1,200, na nikajifunza siri ambayo ningependa kila mwanamke anayeanza aijue mapema: kinachomchosha anayeanza aghalabu ni haraka. Ukikimbia huku unaweza kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukatika pumzi, mwendo huo ndio wako. Ukishindwa kusema hata "shikamoo", punguza. Haidhuru hata kama anayetembea anakupita.

Nilipoweza kukimbia nusu saa bila kusimama, nilianza kutamani safari yenye maana. Na hapa sina budi kukueleza habari za baba.

Tangu mwaka 1974 hadi 1996 baba alikuwa tarishi katika ofisi moja ya mjini. Kutoka Kawangware hadi katikati ya jiji ni kama kilomita nane. Baba alizitembea asubuhi, na jioni akazitembea tena. Matatu zilikuwepo, lakini nauli ya mtu mmoja kwenda na kurudi, ukiijumlisha kwa mwezi, ilikuwa ni karo ya mtoto. Nasi tulikuwa watano. Aliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri akiwa amevaa akala, viatu vile vya gurudumu la gari, na vile vyeusi vya ofisini amevifunga kwenye karatasi kwapani. Akifika mjini alijipangusa vumbi, akabadilisha, akaingia ofisini kama aliyeshuka kwenye teksi. Hata leo, ukisimama barabara ya Ngong au ya Jogoo alfajiri, utawaona maelfu wanaofanya vivyo hivyo. Hakuna anayewavisha medali.

Basi niliamua kwamba safari yangu ndefu ya kwanza itakuwa ni njia ya baba ya kurudi nyumbani. Nilichagua Jumapili, kwa kuwa siku hiyo mji hulala. Nilipanda matatu nambari 46 kulipopambazuka. Makanga alinitazama viatu, akaniuliza, "Mathe, unaenda kanisa ama unaitoroka?" Nikamjibu kwamba ibada ya pili nitaiwahi.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini nilianza kukimbia kutoka mbele ya posta kuu, Kenyatta Avenue. Nilivuka Uhuru Highway nikiwa na Uhuru Park upande wangu wa kushoto, ile bustani ambayo mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai aliitetea pasijengwe mnara wa ghorofa 60. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Kisha nikakutana na Valley Road.

Msomaji, kilima cha Valley Road ukikipanda garini hukijui. Matatu hukivuma tu, nawe unaangalia simu. Kwa miguu, kilima kile hakina mwisho. Nilipunguza mwendo mpaka mzee mmoja aliyebeba Biblia akawa sambamba nami, yeye akitembea, mimi nikidai kwamba nakimbia. Tukaamkiana. Moyo uliniambia, "Tembea kidogo tu, nani atajua?" Nikaona afadhali nihesabu nguzo za taa. Nguzo moja, halafu nyingine, halafu nyingine. Nilipofika juu, mzee alikuwa bado yuko kando yangu, lakini sikuwa nimetembea.

Pale nikaingia barabara ya Argwings Kodhek, iliyopewa jina la wakili wa kwanza Mwafrika nchini Kenya, aliyefariki mwaka 1969. Nikapita Hurlingham, nikapita Yaya. Mwili ulikuwa umetulia sasa. Pumzi ilikuja na kwenda kwa mpango, na miguu ikajiendea. Hii ndiyo ladha ambayo wakimbiaji husema habari zake na mimi nilidhani wanatudanganya. Kwa muda wa kama dakika ishirini sikuwaza deni, wala ofisi, wala presha.

Utamu ule uliniishia Gitanga, baada ya Valley Arcade. Goti la kushoto lilianza kunung'unika, nayo jua likawa limepanda. Lakini mbele nilimwona yule askari wa Lavington, langoni pake, akitoka zamu ya usiku. Alipoona natokea upande wa mjini badala ya upande wa nyumbani, alielewa mwenyewe. Alivua kofia. Hakusema neno.

Niliingia Kawangware vibanda vya chapati vikianza kufuka moshi. Saa yangu ya mkononi ilionyesha kwamba nimekimbia saa moja na dakika tisa. Kwa muda huo, Eliud Kipchoge wa Vienna angekuwa amepita kilomita 24. Mimi nilikuwa nimemaliza nane, bila kusimama hata mara moja, na sikumwonea wivu.

Baba alikuwa ameketi uani akiota jua. Siku hizi maneno humtoka kwa taabu, moja moja. Alinitazama nilivyolowa jasho.

"Umetoka wapi?"

"Mjini, Baba. Nimekuja mbio."

Alinyamaza kitambo. "Ulikosa nauli?"

Nikacheka mpaka nikaketi chini. Nikamweleza kwamba nauli ninayo, ila nilitaka kuipita njia yake. Akafikiri tena, kisha akauliza, "Pale Valley Road... ulipumzika?"

"Sikupumzika, Baba."

"Mimi nilikuwa napumzika," akasema. "Kila asubuhi nashuka mbio. Kila jioni napumzika. Kuna jiwe."

Miaka yote hiyo, sisi watoto tulijua tu kwamba baba hufika nyumbani. Hatukujua kwamba palikuwa na jiwe. Nilimwuliza lilikuwa upande gani, akanionyesha kwa mkono ule mzima, kama kwamba kilima kiko pale uani.

Wataalamu wa viungo walikuwa wamemwagiza baba atembee kila siku kwa msaada wa mkongojo, naye kwa miezi mingi alikuwa akikataa, akisema kwamba miguu yake imekwisha kazi. Siku ile jioni, bila kuambiwa, aliomba mkongojo. Nilimshika kiuno, tukaenda hadi langoni na kurudi. Hatua 34. Wiki hii amefika 60, na anapumzika katikati, kwenye kigoda ambacho mwanangu humwekea.

Nami kipimo changu cha mwisho kilikuwa 134 kwa 86. Dawa bado nameza, na naomba unisikilize vizuri hapa: mazoezi hayachukui nafasi ya dawa mpaka daktari aseme. Ikiwa una presha, kisukari au maumivu ya kifua, pimwa kwanza kabla hujafunga kamba za viatu. Ukianza, anza na dakika chache, siku tatu kwa wiki, na upumzike siku moja katikati. Tafuta mwenzako wa kuandamana naye, hasa ikiwa wewe ni mwanamke na kungali na giza. Kimbia ukiyaelekea magari, uyaone yanapokuja, na uwaangalie bodaboda, kwani hao hutokea pande zote. Kunywa maji. Na watakaokucheka, waache wacheke. Baada ya miezi michache watakuuliza viatu ulinunua wapi.

Mtoto wa jirani yangu tayari ameniuliza. Jumamosi ijayo tutakuwa wanne, na mmoja wetu ni yule kijana wangu aliyekuwa akiona haya. Tutaanza na sekunde 60.