Motokaa Iliyozimika Ovyo

Huko Ngombezi, karibu na Korogwe, penye mashamba ya mkonge, dereva mmoja alitia kabureta kubwa katika motokaa yake ipate kwenda mbio. Tangu siku ile, ikikaa silensa, ilitetemeka ikazimika. Akabadili plagi, akabadili pampu. Ada ya shule ya mwanawe ikaisha, ugonjwa usiishe.

Fundi mzee hakununua kitu. Alikanyaga mafuta kidogo injini isizime, akadondosha maji ya sabuni chini ya kabureta. Maji yakanyonywa, mngurumo ukageuka. Gasketi ya zamani haikuziba. Hewa ilipenya, ikazidi petroli kidogo inywewayo injini ikipumzika.

Basi ukibadili kitu, kikatokea kilema, anza kutazama pale ulipobadili.