Machicha ya Bia na Ada ya Muhula

Neno machicha nililipata kwanza darasani, likimaanisha mabaki ya nazi iliyokunwa na kukamuliwa tui. Kwetu Njeru, ng'ambo ya Mto Nile ukitoka Jinja, minazi si mti wa kawaida. Tulicho nacho ni viwanda. Kwa hiyo mhadhiri aliposema kwamba hata shayiri inayobaki baada ya kutengenezwa bia huitwa machicha, nililiandika neno hilo pembeni mwa daftari, nikawakumbuka mbuzi sita wa Jajja.

Jajja ndiye bibi yangu aliyenilea. Mbuzi hao, madume wachanga wa miezi minne hivi, ndio waliokuwa ada yangu ya muhula uliofuata. Alinikabidhi mwezi wa Desemba, kiangazi kikianza na majani ya kando ya barabara yakikauka.

Nilikuwa nimesoma kwamba machicha yakikaushwa, kama sehemu moja kwa tano ni protini, na mara nyingine zaidi. Nikanunua magunia mawili. Bei ilinifurahisha mpaka mwendesha bodaboda alipotaja ya kwake. Machicha mabichi, karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Nililipa nauli ya kusafirisha maji! Siku ya nne gunia la pili lilikuwa na joto ndani na ukungu juu. Nikalimwaga kwenye migomba. Jajja aliangalia tu, hakusema neno, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Ili kufidia hasara, nikaenda kwenye mashine ya kusaga nikanunua pumba za mahindi zilizochanganyika na chenga.

"Mjukuu wangu, wape majani kwanza," Jajja akaniambia.

"Jajja, hiki ndicho chakula cha kunenepesha."

Jioni ile niliwawekea beseni zima. Asubuhi yule mkubwa, mwenye sikio moja jeupe, alikuwa amelala, ubavu wa kushoto umevimba, anasaga meno, hacheui. Alikufa kabla ya adhuhuri. Tukamzika nyuma ya migomba. Baadaye nilisoma kwamba wanga mwingi ukiingia ghafla hugeuka asidi katika tumbo la kwanza, kwa sababu vijidudu vilivyozoea majani havipati muda wa kuuzoea. Jajja hajui asidi ni nini. Alijua majani kwanza.

Nikaanza upya. Asubuhi majani makavu, kisha maganda ya matoke kutoka kwa jirani anayeuza chakula, yakiwa yameanikwa juani yanyauke. Pumba nilizitoa kwa kiganja, nikiongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili. Machicha tulichangia majirani watatu nauli ya pikapu moja. Fungu langu moja nilianika kwenye turubai, nikiligeuza mara kwa mara na kufukuza kuku, mpaka likakauka kabisa. Lililobaki nilishindilia katika pipa la plastiki kwa miguu, tabaka kwa tabaka, ili hewa itoke, nikinyunyiza molasi. Molasi kwetu si shida kupata, viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi haviko mbali. Nikafunika na kukaza kwa mpira. Nilipofungua baada ya wiki tatu, harufu ilikuwa kali lakini safi, kama ya uji uliochachuka. Mbuzi waligombania.

Mwezi wa Februari tuliuza watano. Fedha zilitosha ada, hazikutosha kodi ya chumba, na Jajja akaongeza kuku wawili bila kuniuliza.

Usiku wa kuamkia safari aliniomba nimtajie maneno ninayojifunza. Nikamwambia machicha, pumba, chenga.

"Na yule mwenye sikio jeupe," akauliza kwa Kiganda, "Kiswahili chenu kina neno la mnyama aliyejifia vile?"

"Kibudu, Jajja."

Akalirudia mara mbili, kisha akatoka kwenda kuanua maganda, maana mawingu yalikuwa yametanda.