Ulimi wa Katekista



Muhula huu tumesoma kitabu cha Aristotle kuhusu nafsi. Kuna mahali anaeleza kwamba hakuna kinachoonjwa bila unyevu: chumvi tunaionja kwa kuwa huyeyuka, na ulimi uliokauka hauonji kitu. Darasani tulipita hapo haraka, tukikimbilia sehemu ya akili, ambayo ndiyo hutoka kwenye mtihani. Mimi nilibaki hapo kwa sababu ya baba mdogo.

Baba mdogo ni katekista wa kigango chetu kwa zaidi ya miaka 20. Alipata kidonda ubavuni mwa ulimi, akakisukutua kwa maji ya chumvi miezi kadhaa, kumbe ni saratani. (Kidonda cha mdomoni kikipita wiki tatu bila kupona, nenda hospitali. Hilo nimelisema, tuendelee.) Alikatwa sehemu ya ulimi, kisha akapigwa mionzi Ocean Road, Dar es Salaam, siku tano kila wiki kwa wiki sita.

Mionzi inaua saratani, lakini tezi za mate ziko njiani. Zikiungua, mate hupungua na kuwa mazito, na kwa wengi hayarudi yote. Mate ndiyo yanayolinda meno, ndiyo maana meno mabovu hung'olewa kabla ya mionzi. Taya lililokwisha kupigwa mionzi hupona kwa shida. Yeye aling'olewa magego manne. Ladha nayo ilipotea. Chai aliiita maji ya kuoshea vyombo. Ugali haukupita kooni bila mlenda mwingi, na pilipili ilimtoa machozi. Baada ya miezi kadhaa ladha ilianza kurudi kidogo kidogo, utamu wa embe ukiwa wa kwanza.

Hata Komunyo ilikuwa mtihani, maana hostia kavu iling'ang'ania kaakaani. Paroko alimpa kipande kidogo na kumruhusu kunywa maji. Maji hayavunji mfungo wa Ekaristi, kanuni ya 919 inasema hivyo wazi, lakini kina mama wawili watatu walinung'unika kuona katekista na chupa kanisani.

Jambo lililouma zaidi lilikuwa kusema. Sauti za midomo zilibaki: baba, mama, bibi. Ila t, d, s, l, n na r zinataka ncha ya ulimi, na yake haikufika tena zinapotamkwa. Jina la Kristo likawa gumu kuliko yote. Mimi alizoea kuniita Frateri. Siku hizi ananiita "baba" tu, anasema Frateri ina r mbili.

Halmashauri ya kigango ikapendekeza, kwa heshima, apumzike. Sioni kwamba walikuwa na nia mbaya. Padre hufika kwetu mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine zote waamini humtegemea katekista, na wana haki ya kulisikia Neno. Lakini mtu anayemalizia sentensi za mgonjwa ili mambo yaende haraka anamnyang'anya hata kile kidogo alichobakiza. Baba mdogo aliomba miezi mitatu. Alfajiri alikwenda shambani na litania ya watakatifu, jina moja moja, akisimama kunywa maji. Kwa mazoezi ya matamshi sijui kama kuna kitabu kinachoifikia.

Leo masomo anasoma binti mmoja wa VIWAWA, sala anaongoza mwenyewe, taratibu, na watu wamezoea kumngoja.

Likizo iliyopita nilimkuta akiwafundisha watoto wa komunyo ya kwanza Marko sura ya 7, yule kiziwi mwenye utasi. Alipofika pale Yesu anapotema mate na kumgusa ulimi, mtoto mmoja akauliza kwa nini atumie mate. Baba mdogo akafungua chupa, akapiga funda.

"Kwa sababu Yeye alikuwa nayo," akasema.

Watoto walicheka, naye akaendelea na aya inayofuata.