Glavu za Göteborg

Mwezi wa Januari mwaka 1998 nilipita peke yangu katika miji minne ya Skandinavia: Copenhagen, Göteborg, Oslo na Stockholm. Nilirejea nyumbani na mafua, picha chache zenye kiza, na jozi ya glavu za sufu za rangi ya samawati ambazo hazikuwa zangu. Nilikuwa nimeziazima kwa mama mwenye nyumba ya wageni kule Göteborg. Asubuhi ya kuondoka, katika pirikapirika za kuwahi treni, nikazitia mfukoni nikasahau. Kitu cha kuazima ni deni, na deni hilo lilikaa sandukuni mwangu zaidi ya miaka 20. Safari ya pili, basi, nilikwenda mwezi wa Juni, na njia ile ile nikaifuata kinyumenyume, nikianzia Stockholm.

Saa zetu za Kiswahili, zihesabiwazo tangu jua kuchomoza, hazina kazi kule. Wakati ule wa Januari jua lilikuchwa mnamo saa tisa na nusu alasiri. Safari hii, saa tatu na nusu usiku lilikuwa lingali juu ya mapaa, nami nimeziba dirisha kwa blanketi, nikiungoja usiku kama mtu angojaye basi lililochelewa.

Nilirudi kuitazama Vasa, merikebu ya vita ya mfalme wa Sweden. Ilizama tarehe 10 Agosti 1628, siku yake ya kwanza baharini, baada ya kwenda kiasi cha mita 1,300 tu. Ilikuwa nzito upande wa juu. Upepo ukaiinamisha, maji yakaingia katika matundu ya mizinga, na watu 30 hivi wakapotea. Iliinuliwa tarehe 24 Aprili 1961, mbao zake karibu zote zikiwa nzima. Mtu wa pwani ataona ajabu hapo. Mafundi wetu hupaka majahazi deheni upande wa chini kwa ajili ya wadudu watoboao mbao, na hata hivyo hawana raha. Bahari ya Baltiki ina chumvi kidogo mno, na wadudu hao hawastawi humo. Ndiyo sababu merikebu ilikaa chini ya maji miaka 333 ikamngoja fundi.

Nilipotoka nikataka kahawa. Nikatoa noti niliyoibakiza tangu 1998, yenye picha ya Carl von Linné, yule mtaalamu wa mimea. Kijana aliyekuwa akiuza aliitazama kwa furaha, kama mtu aonyeshwaye picha ya babu yake, kisha akanionyesha kibao: fedha taslimu hazipokelewi. Na hata kama zingepokelewa, noti ile ilikwisha kufa. Nchi ilibadili noti zake kati ya 2015 na 2017. Katika hizo mpya, ile ya kronor 1,000 ina sura ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyekufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola, Septemba 1961, akiwa njiani kutafuta suluhu ya vita vya Katanga. Kwa hiyo mtu aliyeanguka katika ardhi ya majirani zetu yumo ndani ya pochi za Waswidi, ingawa pochi zenyewe hazifunguliwi mara nyingi.

Oslo nilikaa siku moja tu, kwa kuwa chakula chake ni ghali kupita kiasi. Nilipanda juu ya paa la jumba la opera lililofunguliwa mwaka 2008. Ni jeupe, la marimari, limeinama hadi majini, na kila mtu ana ruhusa ya kulitembelea kama mteremko wa kilima. Nikapita pia kwenye jumba la manispaa, ambamo Wangari Maathai wa Kenya alikabidhiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwezi Desemba 2004.

Sasa Göteborg. Katika daftari langu la zamani niliandika juu ya watu wa mji huu maneno matatu: "Hawana salamu kabisa." Ndani ya tramu kila mtu hutazama dirisha lake. Nilishuka karibu na mtaa wa Haga, penye nyumba za ghorofa tatu, ya chini ya matofali na mbili za juu za mbao; zamani sheria ya kuchelea moto haikuruhusu nyumba ya mbao kuzidi ghorofa mbili, wajenzi wakaanza na matofali. Nyumba niliitambua kwa ngazi yake. Lakini palipokuwa na kibao cha wageni palikuwa na kibao cha daktari wa meno.

Niliingia, nikaeleza shida yangu, nikaweka glavu mezani. Kijana wa mapokezi hakusema neno. Alizitazama, akavua koti lake jeupe, akapanda ngazi, nami nikimfuata, akibisha mlango mmoja baada ya mwingine. Juu kabisa akatoka mzee mwenye fimbo. Walizungumza kwa Kiswidi muda mrefu. Mzee alimkumbuka yule mama: alihamia kwa binti yake kaskazini, na huko alifariki, anwani hakuwa nayo. Akazishika glavu, akazigeuza, akaonyesha mahali palipotiwa kiraka kwa uzi wa rangi nyingine. Kisha akanirudishia, akaniuliza kama kwetu kuna baridi. Nilipojibu, wote wawili walicheka, na kijana akarudi kazini bila kuaga.

Mwaka 1998 treni yangu iliingizwa ndani ya meli huko Helsingør ili kuvuka mlangobahari wa Öresund, kama mabehewa ya mizigo yaingiavyo katika MV Umoja pale Mwanza. Siku hizi treni hupita juu ya bahari yenyewe. Daraja lililofunguliwa mwaka 2000 lina urefu wa karibu kilometa 8, magari juu na treni chini yake. Hushuka katika kisiwa kilichotengenezwa na watu, kisha njia huzama chini ya bahari kwa kilometa 4 nyingine, ili isizuie ndege za uwanja wa Copenhagen wala meli.

Copenhagen ilinipokea kwa mvua ya upepo. Ulikuwa mwezi wa Juni, na waendesha baiskeli walipita wamevaa mashati mepesi kana kwamba hawaoni. Nilifungua mkoba nikavaa glavu.