Kupima Kusema na Kuandika Kiingereza: Tuliyojifunza Kariakoo

Miaka kadhaa iliyopita tulikabidhiwa somo la Kiingereza, darasa la sita, katika shule moja ya msingi karibu na Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Wanafunzi walikuwa 90. Siku moja tuliwapa insha juu ya mama zao. Msichana mmoja, ambaye mwandiko wake haukuwa na doa, tulimpa alama 18 kati ya 20. Mvulana mmoja alipata 4. Karatasi yake tuliirudisha imejaa wino mwekundu.

Jumamosi ile tulipita Mtaa wa Kongo, tukamkuta mvulana yule kwenye meza ya vitenge ya mama yake, akizungumza Kiingereza na mnunuzi aliyetoka Zambia. Alimtajia bei ya doti moja na bei ya jumla, akamhakikishia kwamba rangi haichuji, na alipokosa neno akalowesha kidole na kusugua kitambaa. Sarufi yake ilikuwa vipande vipande, lakini mnunuzi alielewa, akacheka, akachukua doti sita.

Jumatatu tulimwuliza msichana wetu, kwa Kiingereza, mama yake hufanya kazi gani. Akajibu kwamba hulima mahindi. Tulipomwuliza shamba liko wapi, alinyamaza. Mama yake alikuwa akikaanga samaki Mchikichini. Insha ile ilitoka kitabuni, na walioiandika ubaoni wiki mbili kabla ni sisi wenyewe.

Basi zile 18 na 4 zilipima nini? Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi, na Kiingereza kikabaki somo. Mtoto aliyeingia sekondari akakikuta ni lugha ya masomo karibu yote. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd waliandika katika ripoti yao kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kusomea masomo hayo. Hata hivyo, mtihani wa kumaliza shule ya msingi tuliouandalia darasa letu ulikuwa wa karatasi tu. Ulimi wa mtoto haukuulizwa neno.

Tuliamua kuuliza. Tuliwaketisha wanafunzi wawili wakipeana migongo: mmoja ana orodha ya bei, mwenziwe ana fedha na vitu vya kununua. Kila mmoja hujua asichokijua mwingine. Hapo ndipo huwapo sababu ya kusema. Tulipima jozi tatu kwa kipindi, dakika tatu kila jozi, wengine wakiandika zoezi. Darasa zima lilitumaliza vipindi 15.

Ugumu haukuwa muda. Mwalimu mwenzetu alisikiliza pamoja nasi, na mtoto tuliyempa 4 kati ya 5 yeye alimpa 2, kwa kuwa alichanganya sauti za r na l. Tulibishana hata chai ikapoa. Mwishowe tulikubaliana: kwanza, je, ameeleweka? Kisha msamiati, kisha sarufi. Lafudhi ihesabiwe pale tu inapozuia kuelewana. (Jina Kariakoo lenyewe ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, lilivyotamkwa na wenyeji. Kwa kipimo cha mwenzetu, mtaa mzima ungepata sifuri.)

Insha nazo tulizisahihisha upya kwa alama mbili: ujumbe 10, usahihi 10. Mvulana alikuwa ameandika kwamba mama yake huamka saa kumi na huogopa mgambo. Tulimpa 8 ya ujumbe na 2 ya usahihi, na hatukumficha kwamba hiyo 2 ingemgharimu katika mtihani.

Msichana tulimtaka aandike upya, juu ya mama yake hasa. Alileta sentensi nne, zimefutwafutwa hadi karatasi ikatoboka. Alipata 11, akalia. Kesho yake mama yake alifika shuleni, kanga ikinukia mafuta ya samaki.

“Mwalimu, mwanangu amekosa nini? Mbona alama zimeshuka?”

Hatukuwa na jibu la haraka. Tulimwambia mtoto asome insha mpya kwa sauti, kisha amweleze mama yake kwa Kiswahili.

“Haya ya mafuta kupanda bei,” mama aliuliza, “ameyatunga mwenyewe?”

“Mwenyewe, mama.”

Akaiomba ile karatasi, akaikunja, akaifunga penye pindo la kanga pamoja na fedha zake.